Ukoo Nao Hujengwa

Kitabu cha maisha ya msanifu majengo huanza karibu kila mara na babu zake. Kabla msomaji hajaonyeshwa jengo hata moja, huambiwa baba alikuwa nani, mama alitoka kwa watu gani, nani katika ukoo alihubiri, nani alipiga kinanda, nani alikuwa na mkono mwepesi wa kukata mbao. Nyuma ya desturi hiyo kuna imani kwamba kazi ya mikono hutoka katika damu kama maji yatokavyo kwenye chemchemi, na kwamba aliyeijua chemchemi amekwisha kuyajua maji. Nataka kuihoji imani hiyo, na nitaihojia mahali ambapo vitabu vya usanifu havifiki, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Nyumba za zamani za huko, za mviringo, za fito na udongo na nyasi, hazina msanifu anayetajwa kwa jina. Zilisimamishwa kwa kazi ya ushirika ambayo Wakurya huiita risaga, majirani wakifika kwa wingi na kuandaliwa chakula na pombe, na zikisha kusimama hakuna aliyeuliza nani alizichora. Swali lililoulizwa ni nyumba ya nani. Nasema kwamba swali hilo limebeba falsafa nzito, na kwamba wanaoliuliza wamekwisha kuona jambo ambalo waandishi wa maisha ya wasanifu hulipita: ukoo wenyewe ni jengo. Una waliokusudia uwepo, una waliolipa gharama, una waliobeba uzito wa paa. Na kitu kilichojengwa kinaweza kuulizwa kama kilijengwa kwa haki, swali ambalo chemchemi haiulizwi.

Tuanze na maneno, maana maneno ndiyo ushahidi wa kwanza. Mswahili wa pwani akisema watu fulani ni wa mlango mmoja, hana habari na mbao wala bawaba. Anasema ni wa ukoo mmoja. Kwa Wanata na jirani zao wa Serengeti, neno ekehita, yaani lango la mji, ndilo pia jina la ukoo, kama alivyolieleza mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa upande huo na kuyachapisha katika kitabu chake Imagining Serengeti mwaka 2007. Kwa Kikurya, irigiha ni jiwe la mekoni, ndugu wa neno letu figa, na ndilo jina la tawi la ukoo. Eka ni mji wa mtu na ni kizazi chake pia. Mtu anaweza kusema hizi ni picha tu za lugha. Mpangilio wa mji wenyewe unamkatalia. Katika mji wa Mkurya mwenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na nyumba yake, ghala lake, mashamba yake, na ng'ombe waliotengwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Ng'ombe walioingia kwa mahari ya binti waliihusu nyumba ya mama yake, wakamwoze kaka yake wa tumbo moja. Mtoto wa nyumba ya pili akiwagusa, huo ulikuwa ugomvi wa kupelekwa kwa wazee. Hivyo baba akawa mmoja, na nyumba zake zikawa na mali mbalimbali, madeni mbalimbali na bahati mbalimbali. Nyumba kwa maana hii humiliki, hudai na hudaiwa. Mvua ikiangusha kuta, nyumba haijafa, zitajengwa nyingine. Lakini ikikosa mtoto wa kiume inahesabiwa kuwa inaelekea kuzimika, hata kama paa lake ni jipya na linang'aa kwa bati.

Hapo ndipo inapoingia desturi ya nyumba ntobhu, ambayo wengine huiita nyumba mboke. Mwanamke aliyefika utu uzima bila mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe wa mahari na kuoa msichana. Hakuna mapenzi ya kimwili kati yao, na mgeni anayeisoma ndoa hiyo kwa miwani ya mabishano ya nchi nyingine hataielewa. Msichana ameolewa na nyumba. Anahesabiwa kuwa mkamwana, mke wa mwana ambaye hakuzaliwa, na watoto atakaowapata kwa mwanamume atakayepatikana ni wajukuu wa bibi huyo. Wanachukua jina la ukoo wa mume wa bibi, wanarithi mashamba na mifugo ya nyumba ile, na mwanamume aliyewazaa hana dai juu yao, kwa sababu kilichowafanya wawe watoto wa nyumba ni mahari. Lisomwe taratibu jambo hili. Mwana ambaye hakuwahi kuvuta pumzi ana mke, ana watoto, na baadaye atakuwa na vitukuu. Nguzo ya katikati haipo na paa limesimama, kwa kuwa watu wazima wamekubaliana lisimame na wamelipa ng'ombe ili lisimame. Ukinitaka nitoe ushahidi kwamba ukoo hujengwa, sina ulio wazi kuliko huu. Mjenzi wake ni mwanamke mzee ambaye huenda hakuwahi kushika penseli, naye amefanya kile afanyacho msanifu: ameona kitu ambacho hakipo, amepima gharama yake, amekusanya watu na vifaa, na amekipa umbo litakalodumu yeye akiwa ameshazikwa.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni fikra za kijijini zisizohusiana na dini kubwa. Wanaosema hivyo hawajaisoma Biblia yao kwa makini. Kiebrania, kama Kikurya, kina neno moja, bayit, kwa nyumba ya mawe na kwa ukoo, na kitenzi banah, kujenga, hutumika kwa vyote viwili. Sarai alipoona hazai akampa Abramu mjakazi wake Hajiri, na neno analolitumia kueleza anachokitumainia, katika lugha ya asili, ni kwamba huenda akajengwa kupitia kwa mwanamke huyo. Sheria ya Kumbukumbu la Torati inamwaibisha mwanamume anayekataa kumwoa mjane wa ndugu yake kwa kumwita mtu asiyejenga nyumba ya ndugu yake. Raheli na Lea wanasifiwa langoni pa Bethlehemu kuwa ndio walioijenga nyumba ya Israeli. Daudi anapotaka kumjengea Mungu nyumba ya mierezi, nabii Nathani anamrudishia ujumbe uliopinduliwa: Mungu ndiye atakayemjengea Daudi nyumba, na nyumba hiyo ni uzao. Kisha kuna Ruthu, Mmoabu, mjane wa Maloni. Boazi anamwoa akitangaza mbele ya wazee kwamba anataka jina la marehemu lisipotee katika urithi wake, na mtoto Obedi anapozaliwa, wanawake wa jirani wanasema mwana amezaliwa kwa Naomi. Naomi hakuzaa. Amepita umri, wanawe wamekufa, naye anampakata mtoto aliyezaliwa na mkamwana wake kwa mwanamume ambaye si mwanawe. Bibi wa Tarime au wa Serengeti akisomewa sura hiyo hahitaji kufafanuliwa chochote. Na Mathayo anapotaka kuthibitisha kwamba Yesu ni wa nyumba ya Daudi, anaufikisha ukoo huo kwa Yusufu, mtu ambaye Injili hiyohiyo inasema hakumzaa. Yusufu alikuwa fundi. Neno la Kigiriki tekton linamfaa mjenzi sawa na seremala. Nyumba ya Daudi, inayobeba tumaini lote la Ukristo, inamfikia mrithi wake kwa kupewa jina na kupokelewa, huku damu ikiwa imeachwa pembeni.

Sasa turudi kwa msanifu na babu zake. Namchukua Frank Lloyd Wright wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1867 huko Wisconsin na kupata umaarufu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu hadithi ya ukoo wake husimuliwa kuliko ya msanifu mwingine yeyote wa zama zake, na aliyeisimulia kwa bidii kubwa zaidi ni yeye mwenyewe. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1932 anasema mama yake, Anna, wa ukoo wa Lloyd Jones uliohamia kutoka Wales, alikwisha kukata shauri kabla hajamzaa kwamba mtoto atakuwa msanifu, akatundika picha za makanisa makuu ya Uingereza kwenye chumba cha mtoto. Watafiti wa baadaye wameitilia shaka habari hiyo. Jambo linalokubaliwa na wengi ni kwamba Anna aliyaona maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 na kumnunulia mwanawe vipande vya mbao vya kufundishia watoto vilivyobuniwa na Mjerumani Friedrich Froebel. Baba, William Carey Wright, alikuwa mhubiri na mwanamuziki, na Anna alikuwa mke wake wa pili. Mke wa kwanza, Permelia, alikufa na kuacha watoto watatu. Mkurya angeuona mji huu mara moja: baba mmoja, nyumba mbili. Ndoa ilivunjika mwaka 1885. Mwana anaandika kwamba baba aliiacha familia. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha kwamba baba ndiye aliyefungua shauri na kulalamika. Baada ya hapo kijana akajichukulia jina. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba jina lake la kati lilikuwa Lincoln. Akaliacha, akaweka Lloyd, la watu wa mama. Baadaye akausogeza mwaka wake wa kuzaliwa hadi 1869. Watoto wa Permelia karibu hawaonekani kabisa katika simulizi lake.

Alichofanya ni kujijengea ukoo. Alichagua nyumba ya mama, akalitia jina lake mlangoni, akaziba mlango wa baba. Alichota humo mengi ya kweli, maana akina Lloyd Jones walikuwa Wayunitariani, wakulima na wahubiri waliojivunia kusimama na ukweli hata dunia ikipinga, na kanisa la zege alilolisanifu huko Oak Park kati ya mwaka 1905 na 1908, Unity Temple, ni la madhehebu hayohayo. Lakini nyumba iliyozibwa mlango haikunyamaza. Yeye mwenyewe alikiri kwamba ni baba aliyemfundisha kuisikiliza simfoni kama jengo la sauti, na mtu anayeingia Unity Temple na kuona jinsi vipimo vinavyorudiwa na kujibizana anamwona pale yule mwanamuziki ambaye jina lake la ukoo lilibaki tu kwa sababu halikuwa na njia ya kufutwa. Hapa waandishi wanaofuata damu hukwama. Damu ya William na damu ya Anna zilikuwa sawa ndani yake; kilichozitofautisha ni uamuzi. Mwaka 1909 aliondoka kwenda Ulaya na mwanamke mwingine, akamwacha mkewe Catherine na watoto sita, na aliporudi akajenga makao yake, Taliesin, katika bonde la watu wa mama, kwenye ardhi iliyonunuliwa kwa jina la mama huyo. Alipofariki mwaka 1959 alizikwa katika bonde hilohilo, karibu na kikanisa cha ukoo. Mwaka 1985, kwa wosia wa mke wake wa mwisho, Olgivanna, mifupa ikafukuliwa, ikachomwa, na majivu yakapelekwa Arizona. Nyumba mbili zilimgombea hata kaburini. Wasomaji wa Afrika Mashariki watakumbuka shauri la S. M. Otieno nchini Kenya mwaka 1987, ambapo ukoo ulishikilia kwamba Nairobi marehemu alikuwa na nyumba tu na kwamba nyumbani kwake ni Nyalgunga, na mahakama ikaukubalia. Mabishano ya aina hii yasingekuwepo kama ukoo ungekuwa jambo la maumbile peke yake. Hakuna anayeenda mahakamani kubishana mto unatoka wapi.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili kujibiwa bila papara. Damu ni kweli, mtu atasema. Mtoto ana baba aliyemzaa, na kumwita kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuwepo ni kumdanganya. Uislamu unalisema hili waziwazi. Katika Sura ya Al-Ahzab watu wanaamriwa kuwaita watoto wa kupanga kwa majina ya baba zao, na Zaidi, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudi kuitwa bin Haritha. Siwezi kulipuuza agizo hilo, wala sitaki; naliona kama sharti ambalo hoja yangu inalihitaji. Aya hiyohiyo inaendelea kusema kwamba wasiojulikana baba zao wahesabiwe kuwa ndugu katika dini. Haiwatupi nje ya nyumba. Inakataza uongo katika msingi wake. Kitabu cha Ruthu kinafanya vivyo hivyo kwa njia yake: jina la marehemu linainuliwa kama alivyoahidi Boazi, majirani wanamhesabu mtoto kwa Naomi, na bado orodha inayofunga kitabu inasema Boazi alimzaa Obedi. Mambo yote mawili yameandikwa, nyumba na damu, na hakuna lililofutwa ili lingine lipendeze. Kwa kipimo hicho nyumba ntobhu inaweza kujengwa kwa ukweli, maana kijiji kizima kinajua ilivyo na mtoto anaweza kuambiwa. Ikifichwa, ikawa mtoto anakua bila kujua alikotoka na bila ruhusa ya kuuliza, hapo ufa umeshaingia. Wright hakukosea kuchukua jina la watu wa mama. Kosa lilianza pale alipomwandikia baba yake kosa ambalo kumbukumbu za mahakama hazilithibitishi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wahubiri. Mtoto ni zawadi, wanasema; aliyenyimwa na apokee, na kujitengenezea wajukuu kwa ng'ombe ni kumpora Mungu kazi yake. Wanaweza kuitegemea Zaburi ya 127, inayoanza na nyumba ambayo mafundi wake hutaabika bure pasipo Mungu, kisha ikageukia watoto wa kiume kana kwamba ni habari ileile. Na kwa Kiebrania ni ileile kweli. Lakini zaburi hiyo haisemi mafundi waweke chini zana zao. Hakuna mhubiri anayemwambia fundi mwashi asichanganye udongo kwa kuwa Mungu ndiye ajengaye. Ikiwa Mungu hujenga nyumba ya mawe kwa mikono ya mafundi, sioni kwa nini asiijenge nyumba ya uzao kwa uamuzi wa mjane. Isitoshe, wale wanaomhimiza mjane akubali kunyimwa mara nyingi hawaulizi nani hasa aliyemnyima. Alizaa mabinti, pengine watatu, pengine watano. Kilichoifanya nyumba yake ihesabiwe tupu ni kanuni. Taratibu za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliwaweka mabinti katika daraja la tatu, nyuma ya kaka zao, na ardhi ya ukoo ikawekewa mipaka mikononi mwa wanawake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka upande wa Bukoba, iliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka usawa. Sheria ikisogea, desturi huchelewa. Nyumba ntobhu kwa sehemu kubwa ni kazi ya mwanamke mwenye akili aliyekutana na ukuta usiotaka kubomoka, akatafuta mlango pembeni yake. Namheshimu kwa hilo, na nawasikitikia wanawe wa kike waliokaa ndani ya nyumba ile wakisikia inaitwa tupu.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniumiza, na wanaoitetea mila hupenda kulikwepa. Anayeolewa na nyumba ni nani? Mara nyingi ni msichana wa familia yenye dhiki, aliyebadilishwa kwa ng'ombe kabla hajamaliza masomo, akawekwa katika mji wa bibi mgeni na kutarajiwa azae. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo muungano huu uko nje ya ulinzi wake. Ukivunjika, mkamwana hana ndoa ya kuivunja mahakamani, wala mwanamume aliyemzalisha hahesabiwi na mila kuwa anadaiwa kitu. Umri nao umekuwa donda. Vifungu vilivyoruhusu wasichana kuolewa wakiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Lakini ndoa ambayo sheria haiitambui haifiki kirahisi mbele ya macho ya sheria. Mpinzani wangu atasema basi: umeisifu desturi kama usanifu, na nyenzo za usanifu huo ni wasichana. Namjibu kwamba ndiyo maana nimeng'ang'ania neno kujenga. Anayeamini ukoo ni chemchemi hana namna ya kulalamika, maana hakuna wa kulaumiwa kwa jinsi maji yanavyotiririka. Mambo ya ukoo yatakuwa yalivyo, na msichana ataambiwa ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Lakini jengo lina waliolijenga, na wanaweza kuitwa wajibu. Paa likimwangukia mtu, tunamtafuta fundi. Nguzo ikiwa mbichi, tunamuuliza aliyeikata kabla ya wakati wake. Kwa kipimo hicho nyumba iliyosimamishwa juu ya mtoto wa miaka 13 ni kosa la ujenzi, haidhuru imetimiza kusudi lake la kuendeleza jina, na wazee waliohesabu ng'ombe wa mahari ni wadaiwa.

Vitabu vya dini havilifichi hili. Hajiri aliyeletwa ili Sarai ajengwe aliteswa, akakimbia, akarudi, na mwishowe akafukuzwa jangwani na mwanawe na kiriba cha maji kisichotosha. Mwanzo inasema Mungu alimsikia kijana, na kwamba Hajiri ndiye aliyempa Mungu jina, Mungu anayemwona. Waislamu wanamkumbuka zaidi: mwendo wa mahujaji kati ya Safa na Marwa ni mwendo wake yeye, mama anayetafuta maji, na hakuna hija inayokamilika bila kuupita. Na Qurani inapoeleza nani aliyeinua misingi ya Al-Kaaba pamoja na Ibrahimu, inamtaja Ismaili, mwana wa Hajiri. Yule aliyezaliwa awe kifaa katika nyumba ya mwingine, kisha akatolewa nje, ndiye anayeshika mawe ya Nyumba ambayo mamilioni ya watu huigeukia wanaposali. Nikilitazama jambo hilo kutoka Tarime, naona dini imetoa hukumu juu ya mjenzi anayetumia mtu kisha akamtupa, na haikuitoa kwa maneno ya karipio. Iliitoa kwa kuonyesha mjenzi wa kweli alikuwa nani.

Basi, vitabu vya maisha ya wasanifu viandikweje? Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lina jina la msanifu wake, Beda Amuli, na ni haki liwe nalo. Anayetaka kujua alitoka wapi ana haki pia ya kuuliza. Ninachoomba ni kwamba sura ya ukoo iandikwe kwa macho yaleyale tunayotumia kukagua jengo: nani aliukusudia, nani alilipia, nani aliachwa nje, jina la nani liliwekwa mlangoni na la nani lilipakwa chokaa juu yake. Kwa Wright sura hiyo ingewarudisha watoto wa Permelia mezani, na Catherine pamoja na watoto wake sita, na William Carey Wright na kinanda chake. Kwa nyumba za Tarime na Serengeti ingewataja wakamwana. Mababu wa kiume hutajwa kwa mfuatano, fulani mwana wa fulani, na bibi aliyeoa kwa ng'ombe wake mwenyewe anaweza kukumbukwa kwa heshima, kwa sababu bila yeye mlango ungefungwa. Aliyezaa ndiye ambaye jina lake huponyoka upesi. Ilikuwa karibu kuwa hivyo hata Bethlehemu. Katika sura yote ya nne ya kitabu kinachoitwa kwa jina lake, Ruthu hasemi neno hata moja. Wazee wanazungumza langoni, Boazi anazungumza, wanawake wa jirani wanazungumza na kumpa mtoto jina, Naomi anampakata. Karne nyingi baadaye Mathayo aliketi kuandika orodha ya wanaume waliozaa wanaume, kizazi baada ya kizazi, kutoka Abrahamu hadi Yusufu fundi, na alipofika kwa Obedi akasimama kidogo na kuandika ni mama gani aliyemzaa.